Mashine Inauzwa, Mbegu Ndiyo Kazi: Kiwanda cha Mafuta ya Kula Mtwara na Lindi

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu alinijia nyumbani Masasi na bahasha ya kaki kwapani. Tulipomaliza shikamoo na marahaba na habari za watoto, akatoa profoma, ile karatasi ya bei, ya mashine za kukamua mafuta kutoka China: ekspela ya kukamulia, mota, jiko la kupashia mbegu, chujio la vitambaa. Vyote pamoja vilikuwa vinakula sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake.

"Sasa mwanangu," akasema, "nihesabie banda. Saruji, mabati, na kisima."

Kazi yangu ni kuwaandalia hesabu wasindikaji wadogo, na banda huwa nalihesabu mwisho kabisa. Nikamuuliza: mbegu utazipata wapi, mwezi gani, na bei atakupangia nani? Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza kitu kilichokwisha kufundishwa.

"Ufuta si umejaa Kusini?"

Umejaa kweli. Ruangwa, Nachingwea, Liwale, Kilwa, Masasi, Nanyumbu, ukifika msimu magunia yanapangwa maghalani mpaka darini. Tena mbegu yenyewe ni tajiri, maana karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, wakati mbegu ya pamba haifikishi hata robo. Lakini nenda duka lolote la Mangi pale Masasi uombe lita ya mafuta ya kupikia. Mara nyingi utapimiwa mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia au Indonesia, yakasafishwa Dar es Salaam, kisha yakapakiwa kwenye lori kuja huku tulikozungukwa na mbegu. Taifa zima huagiza sehemu kubwa ya mafuta linayokula. Watu wengi wakisikia hivyo wanaona pengo la soko na kukimbilia kuagiza mashine. Pengo lipo, ila wanalitafuta pasipo pake.

Ufuta wetu una mchumba mwingine

Ufuta wa Kusini unaondoka kama mbegu. Wanaoutaka wako China, Japani, India na kwingineko, na wanautaka kwa tahini, kwa mikate, kwa vitafunwa na kwa mafuta ya kunukia ambayo kwao hutiwa kijiko kimoja juu ya chakula. Mtu anayetia kijiko kimoja anaweza kulipa bei ambayo mama ntilie anayekaanga maandazi ya ndoo nzima hawezi kuilipa.

Njia ya kuupata nayo ni moja. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, AMCOS, unapimwa na kuingia ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, halafu unauzwa mnadani na chama kikuu: RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa upande wa pwani, MAMCU na TANECU kwa Mtwara. Mwenye kiwanda anaingia mnadani kama mnunuzi mwingine yeyote. Hakuna bei ya ujirani. Ukisema upite njia ya mkato, uende shambani na mizani yako na noti mkononi, hiyo ndiyo kangomba, na mzigo ukikamatwa unakamatwa na wewe.

Nilimfanyia mwalimu hesabu nyuma ya bahasha yake mwenyewe. Namba ni za mfano, kila mtu aweke za msimu wake. Tuseme ufuta umenunuliwa shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo 100 ni shilingi 300,000. Ekspela ndogo inayofanya kazi vizuri itakupa kama lita 45 za mafuta, na yatabaki mashudu, yale makapi ya mbegu wanayolishwa mifugo, kilo 50 na ushei. Ukiyauza mashudu shilingi 600 kwa kilo, unarudisha kama 31,000. Gharama ya mbegu peke yake kwa kila lita inakaribia shilingi 6,000. Hujalipa umeme, hujalipa kijana wa kupakia, hujanunua dumu, hujalipa riba. Jirani yako dukani anauza mawese, na mama ntilie anaangalia bei tu.

"Basi mafuta ya ufuta hayakamuliwi?"

Yanakamuliwa. Lakini hiyo ni biashara nyingine, ya chupa ndogo yenye lebo nzuri inayouzwa kwa wenye hoteli, kwa wapaka mafuta mwilini, kwa mnunuzi wa nje anayedai vipimo vya maabara. Ina faida yake, na ufuta una vitu vya asili ndani yake vinavyoyafanya mafuta yake yachelewe kuchacha kuliko mengi. Ila usiite kiwanda cha mafuta ya kula kwa wananchi, kwa sababu wananchi hawatayanunua.

Mbegu nyingine je? Karanga ni hadithi ileile, maana binadamu anaila nzima na analipa vizuri kuila. Nazi inapatikana Mikindani, Kilwa na pwani yote, na mbata, ile nyama ya nazi iliyokaushwa, ina mafuta zaidi ya asilimia 60. Lakini minazi ya pwani yetu imeshambuliwa sana na ugonjwa wa kunyong'onyea, na nazi inayobaki inagombaniwa na kila sufuria ya wali na samaki kutoka Kilwa hadi Msimbati. Na kuna wanaouliza juu ya korosho, kwa kuwa ganda lake linatoa mafuta. Yale ni ya viwandani, yanaunguza ngozi. Yasikaribie jikoni.

Inabaki alizeti. Nchini kitovu chake ni Singida na Dodoma, lakini Kusini nayo inalimwa, na sifa yake kubwa ni kwamba haina mchumba tajiri ng'ambo anayeigombania ikiwa mbegu. Hesabu ya mfano tena: shilingi 1,000 kwa kilo, kilo 100 ni 100,000. Mbegu nzuri inakupa lita 28 hivi, mashudu kilo 65. Mashudu yakiuzwa 500 kwa kilo yanarudisha 32,500, na kila lita inakuwa imebeba mbegu ya shilingi 2,400 na kidogo. Hapo pana nafasi ya kupumua. Mbegu ya kienyeji yenye ganda nene inaweza kukupunguzia lita hizo hadi 20, na nafasi yote ikaisha, kwa hiyo anayetaka kiwanda cha alizeti huku ajue kwamba ataanza kama bwana shamba. Atagawa mbegu bora, atafuatilia kupanda, na atasubiri msimu mzima kabla ya kuwasha mota.

Tuta la reli

Kusini tumeshaoneshwa jambo hili, la mashine kuitangulia mbegu, kwa gharama ya kutisha. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta na margarini, vikitolewa kwa mgao. Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akapendekeza karanga zilimwe kwa matrekta Afrika Mashariki. Serikali ya Clement Attlee ikakubali, waziri wa chakula John Strachey akaubeba mradi, na mwaka 1947 kazi ikaanza Tanganyika. Mpango wa awali ulikuwa zaidi ya ekari milioni tatu, na Tanganyika mashamba yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kumbuka kwamba lengo lenyewe lilikuwa mafuta. Karanga zilikuwa malighafi tu.

Vifaa vilikuja kwa meli, vingine vikiwa mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama sakafu, majembe yakawa yanavunjika, na mvua haikufuata karatasi za London. Nachingwea hakukuwa na njia ya kufikisha mzigo baharini, ikabidi ijengwe reli na bandari ya kina kirefu pale Mtwara. Januari 1951 mradi ukafutwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa kama paundi milioni 36. Bandari ilikuja kukamilika katikati ya miaka ya 1950, karanga zilizoiita hazipo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Wazee watakuonesha palipokuwa na tuta lake.

Tungeishia kuwacheka Wazungu, lakini miaka ya 1970 sisi wenyewe tulijenga viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na korosho ghafi zikaendelea kupanda meli kwenda India. Baadhi ya majengo hayo yamekuwa maghala ya kuhifadhia korosho zilezile yaliyojengwa kuzibangua. Ukisimama mlangoni mwa ghala la namna hiyo wakati wa msimu, makuli wakipita na magunia begani kando ya mashine zilizofunikwa vumbi, unaelewa haraka kuliko kwa semina ya siku tatu.

Ndani ya banda

Ekspela yenyewe haina maajabu. Ni skrubu nene inayozunguka ndani ya pipa la vyuma vilivyopangwa kwa nyufa nyembamba. Mbegu inaingia juu, inasukumwa mbele, nafasi inazidi kuwa finyu, mafuta yanapenya kwenye nyufa na mashudu yanatoka mwishoni kama vigae vyembamba, vya moto, vinavyovunjika mkononi. Mlio wa mashine iliyoshiba ni mzito na sawasawa. Ikianza kulia juujuu, fundi anainuka kabla hujamwambia.

Siri iko kwenye unyevu. Mbegu inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 6 hadi 8 hivi inapoingia. Ikiwa mbichi inageuka uji, skrubu inateleza, na mafuta yanatoka na povu. Ikiwa kavu kupita kiasi inakuwa unga, pipa linapata moto, moshi unatoka, mafuta yanakuwa meusi. Nimemwona fundi wa Nachingwea asiyejua kipimo chochote: anatia mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, anatoa mbegu kutoka chini, anaiuma. Akisema "bado," hakuna wa kumbishia, na kwa kweli mara nyingi huwa bado.

Adui wa pili ni mchanga. Ufuta na alizeti wetu vinapurwa na kuanikwa chini, vinakuja na mchanga na vijiwe na hata misumari. Mchanga unaila skrubu kama msasa. Kwa hiyo chekeche na sumaku vinatangulia ekspela, jambo ambalo muuza mashine haliweki kwenye profoma kwa sababu bei ingepanda. Skrubu ikilika hujaziwa kwa kuchomelewa na kuchongwa upya, na fundi anayeijua kazi hiyo huwezi kumpata kila wilaya. Ya mwalimu ilikuwa na skrubu moja, hiyohiyo iliyo ndani ya mashine. Nilimwandikia aongeze mbili.

Ekspela ndogo huacha mafuta kama asilimia 8 hadi 12 ndani ya mashudu. Viwanda vikubwa huyafuata hayo kwa kiyeyusho kiitwacho heksani, mpaka ibaki chini ya asilimia 1. Heksani inalipuka kwa cheche ndogo, na mtambo wake hauna maana kama huna mamia ya tani za kuulisha. Mwalimu aliuliza bei yake. Nilibadilisha mazungumzo.

Halafu kuna usafishaji, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Mafuta yanayotoka kwenye ekspela na kuchujwa kwa kitambaa yanalika, na vijijini yanapendwa kwa harufu yake. Lakini yana gamu inayofanya yatoe povu kikaangoni, yana asidi, na yakikaa miezi michache juani dukani yanachacha. Mnunuzi wa mjini anataka mafuta meupe yasiyonukia chochote. Kufika hapo unatoa gamu kwa maji ya moto, unaua asidi kwa soda kali, unapausha rangi kwa udongo maalumu, mwisho unapitisha mvuke kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 200 na zaidi, hewa ikiwa imenyonywa, ili harufu iondoke. Kila hatua inapunguza mafuta kidogo, na hatua ya mwisho inahitaji boila na mtu anayeijua boila. Hicho ni kiwanda cha pili, kinachogharimu kuliko kile cha kukamua. Na tangu kanuni za mwaka 2011 mafuta ya kula yanatakiwa yaongezwe vitamini A, kwa hiyo kifaa cha kuchanganyia nacho kinaingia kwenye orodha.

Kwa anayeng'ang'ania karanga, neno moja la ziada: sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga zilizokaushwa vibaya. Sehemu kubwa hubaki kwenye mashudu, nyingine huenda kwenye mafuta yasiyosafishwa, na usafishaji kwa soda na udongo ndio huiondoa. Kwa hiyo mkamuaji mdogo wa karanga asiye na usafishaji anaweza kumlisha mteja sumu bila kujua, na mashudu yake yakaua kuku wa jirani. Kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, kimetoa aina nzuri za karanga na ufuta, lakini mbegu bora ikianikwa kwenye unyevu inaota ukungu kama nyingine.

Fedha inalala wapi

Turudi kwenye pesa. Kiwanda kinachokamua tani 5 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kinahitaji tani 1,500. Msimu ni miezi mitatu au minne. Ina maana mbegu ya mwaka mzima inanunuliwa ndani ya miezi hiyo michache, inalipwa papo kwa papo, halafu inakaa ghalani ikisubiri zamu yake huku riba ikitembea na panya wakila. Kwa alizeti ya shilingi 1,000 hiyo ni shilingi bilioni 1.5. Kwa ufuta wa 3,000 ni bilioni 4.5. Mashine zenyewe ni sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Ukinunua mbegu ya mwezi mmoja tu kwa kukosa mtaji, unafunga banda miezi inayobaki, na mashine iliyofungwa bado inadaiwa.

Ndiyo maana mimi huwashauri wadogo waanze kwa kukamua kwa ada. Mkulima analeta magunia yake, unamkamulia, anaondoka na mafuta yake. Malipo ni fedha taslimu au, kama wanavyofanya wengi Singida na Dodoma, unabaki na mashudu. Mbegu si yako, kwa hiyo bei ya mbegu haikulazi macho.

Lakini mashudu nayo yana shida yake huku. Ng'ombe wengi wa nchi hii hawako Mtwara. Wafuga kuku wa mjini watachukua kiasi, wafugaji waliohamia Kilwa na Liwale wanategemea malisho ya porini, na mnunuzi wa kweli yuko Dar es Salaam au ng'ambo. Kutoka Mtwara hadi Dar ni takriban kilomita 560. Madumu matupu yanakuja kwa barabara hiyohiyo ambayo mashudu yanatokea, na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja juu ya mvua zilizokuwa zimeshailoweka nchi, barabara hiyo ilikatika upande wa Somanga na Lindi ikabaki upande wake.

Kuhusu umeme, tunakaa juu ya gesi ya Mnazi Bay, na watu hudhani kwa hiyo umeme si hoja. Hoja ni njia tatu. Mota ya ekspela ya maana inataka umeme wa njia tatu, na nguzo iliyopita mbele ya kiwanja chako inaweza kuwa na njia moja tu. Uliza TANESCO kabla ya kununua kiwanja. Mwalimu alikuwa ameshanunua.

Karatasi ni nyingi lakini hazimshindi mtu: BRELA kwa usajili, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya halmashauri, OSHA kwa usalama kazini, NEMC kwa mazingira, na TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayoshughulikia pia usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwani barua yao ya utambulisho hufungua milango ya TBS kwa gharama nafuu.

Lililo nje ya uwezo wa kila mtu ni ushuru wa forodha. Bajeti ya 2018/19 iliupandisha kwa mafuta ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25, na kwa yaliyosafishwa kutoka 25 hadi 35, ili kuwalinda wakulima na wakamuaji wa ndani. Tangu hapo umekuwa ukiguswa na kuguswa tena, kwa sababu bei ya mafuta ikipanda mlaji analia, na ikishuka mkulima analia. Mwenye kiwanda huwa anasikiliza redio mwezi wa Juni kwa makini kuliko shehe anayetafuta habari za mwezi mwandamo.

Profoma ya mwalimu bado iko kwenye bahasha yake. Msimu huu amekodi ekspela ndogo ya mtu aliyekwama Nachingwea, anakamua alizeti ya watu na kubaki na mashudu. Juzi alinipigia jioni. Skrubu imeanza kulika, fundi wa kuijazia yuko Mtwara mjini, na mnunuzi wa mashudu kutoka Dar amesema analeta lori zikifika tani kumi.

"Na wewe unazo ngapi, mwalimu?"

"Nne," akasema. "Lakini Ruponda kuna mzee ana alizeti ya ekari sita. Nakwenda kesho asubuhi."